Anza na ndoo, mabomba yasubiri

Matangazo ya kilimo kisichotumia udongo yanafanana: mabomba meupe yamepangwa ngazi kwa ngazi, saladi za kijani, na ahadi ya mavuno yanayolizidi shamba mara kadhaa. Bei ya mtambo utaambiwa ukipiga simu.

Ahadi hiyo ni kongwe. Miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza nyanya kwenye matangi ya maji yenye virutubisho, zikarefuka hadi zikavunwa kwa ngazi. Magazeti yakapagawa. Wenzake wa chuo hichohicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakayapima madai, na mwaka 1938 wakaandika kwamba mavuno ya majini hayaupiti udongo mzuri uliotunzwa vizuri. Sijaona tangazo linalowataja hao wawili.

Mimi nauona umuhimu wa kilimo hiki kwa mpangaji ambaye uwanja wote ni sementi. Huyo namshauri njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Chukua ndoo, toboa mfuniko, ning'iniza kikopo chenye matundu na mche wa saladi, ncha za mizizi ziguse maji ya virutubisho. Pampu haipo. Mmea ukinywa, maji yanashuka na mizizi ya juu inabaki inavuta hewa, kwa hiyo usijaze tena hadi juu, utaizamisha. Ndoo isipitishe mwanga, maana mwani utaota. Na mfuniko ubane. Mazalia ya mbu Dar es Salaam tunayo ya kutosha.

Kwenye mabomba, maji husukumwa na pampu na hupita kama utando tu. Umeme ukikatika saa saba mchana, mboga zinaanza kunyauka ukiwa bado kazini.

Kazi yenyewe iko kwenye mbolea, na hapo wauzaji wengi hupita haraka. Mbolea ya kalsiamu naitreti ikikutana na zile zenye salfeti au fosfeti kabla ya kuyeyushwa kwenye maji mengi, hugandana na kutuama chini, mmea usipate kitu. Ndiyo sababu virutubisho huuzwa kwa chupa mbili, A na B. Pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 5.5 na 6.5. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mtambo, ulizia duka la pembejeo lililo karibu nawe kama mbolea hizo zipo, na kama wanapima kilo moja moja au wanauza mfuko mzima tu.