Panki haikuwa matusi matupu

Kuna makala inayodai kwamba mashairi ya panki ya Uingereza, ule muziki wa roki wa kasi na hasira wa miaka ya 1970, yalikuwa matusi na kelele tu, siasa hayakuwa nayo. Nakataa kabisa. Chukueni wimbo Career Opportunities (yaani “Nafasi za Kazi”) wa bendi ya panki The Clash, uliotoka kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1977, wakati vijana wengi wa kule hawakuwa na ajira. Kijana anatajiwa kazi anazotakiwa azishukuru, kuchemsha chai BBC, kuvaa sare za polisi, halafu anasema wazi kwamba hatamfungulia mtu barua zenye mabomu. Mstari huo haukuokotwa hewani. Mpiga gitaa wao, Mick Jones, aliwahi kuajiriwa katika ofisi ya serikali, na kwa kuwa alikuwa wa chini kuliko wote, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kufungua barua, miaka ile mabomu ya bahasha yalipokuwa tishio la kweli. Utawala wote wa ofisi umo humo: nani anaishika bahasha, nani amekaa mbali akisubiri kusomewa. Kama hiyo si siasa, sijui siasa ni nini! Nimewahi kukaa na wimbo huo usiku kucha nikiutafsiri, nikakwama kwenye mstari huo wa mabomu, maana unaishia kwa “for you”, na Kiingereza kina neno moja tu kwa wewe na ninyi, na Kiswahili kinakulazimisha uchague unayemkatalia. Mimi niliandika “sitawafungulia”, kwa sababu naamini anawaambia wakubwa wote. Wenzangu mnaotafsiri, mngeandika hivyo au “sitakufungulia”?