Semina za mawasiliano kwa watu wa benki: zinamsaidia nani?

Benki inapowapeleka wafanyakazi wake semina ya mawasiliano na mahusiano na wateja, hapa Arusha utasikia kauli mbili. Wengine wanasema ni hela inayoteketea: watu wanakaa hotelini siku mbili, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi kazini na tabasamu la wiki moja huku mtandao uko chini vilevile na foleni ni ileile. Wengine wanasema bila semina hizo mteja ataendelea kuingia benki kwa woga kama aliyeitwa kituo cha polisi. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sharti.

Woga huo una historia. Siku chache baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki binafsi zilitaifishwa na NBC, benki ya biashara ya serikali, ikaundwa. Hadi sheria ya mwaka 1991 iliporuhusu tena benki binafsi, mteja wa kawaida hakuwa na pengine pa kwenda, na asiye na pa kwenda habembelezwi. Leo benki zimejaa, lakini mazoea ya dirishani hayafutwi na sheria.

Tena kazi yenyewe ya tawi imebadilika. Tangu Benki Kuu (BoT) ilipotoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, kuweka na kutoa pesa kumehamia kwa wakala, pale Kilombero sokoni au stendi ya Moshi. Anayefunga safari hadi tawini siku hizi mara nyingi amebeba jambo zito: mirathi ya marehemu mume, makato asiyoyaelewa, mkopo uliomshinda. Hayo hayamalizwi kwa kugonga muhuri. Yanahitaji mtu anayejua kusikiliza na kueleza.

Mama mtu mzima anauliza salio lake, na kijana nyuma ya kioo anajibu kwa sauti ya kufika mlangoni: "Mama, humu imebaki elfu kumi na mbili." Foleni nzima imesikia. Hakumtukana, hata shikamoo alimpa, lakini amemwanika. Kuandika kiasi hicho kwenye karatasi na kumpitishia chini ya kioo ni jambo la kufundishwa kwa dakika tano, na kama halikufundishwa halifanyiki.

Hata hivyo, wanaozipinga semina wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Afisa mikopo ana malengo ya mwezi. Ukimfundisha kuongea vizuri bila kugusa malengo hayo, umempa ulimi mtamu wa kuuzia mikopo. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake tayari unakatwa atashawishika kuongeza mkopo juu ya mkopo, na atatoka akishukuru alivyopokewa.

Ndiyo maana sharti langu ni kwamba kinachofundishwa kiwe kueleza kabla ya kupendeza. Chukua mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho, mkulima wa kahawa wa Kibosho atalipa riba 360,000. Ikipigwa juu ya deni lililobaki kila mwezi, atalipa kama 200,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni kama 160,000. Afisa anayeweza kumweleza hilo kwa Kiswahili chepesi, kabla mzee hajaweka sahihi, ndiye ninayemhesabu kuwa amefuzu. Kanuni za BoT za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha nazo zinadai uwazi wa namna hiyo.

Kwa hiyo ningependa vyuo vyetu, Chuo cha Uhasibu (IAA) pale Njiro na Chuo Kikuu cha Ushirika (MoCU) mjini Moshi, viwape wanafunzi wanaoelekea benki mtihani wa aina hii: mwanafunzi akae na mtu asiye wa benki, amweleze mkataba mmoja wa mkopo, kisha msahihishaji amuulize yule msikilizaji atalipa kiasi gani kila mwezi na akichelewa itakuwaje. Maksi zitoke kwenye majibu ya msikilizaji. Na kwenye semina za benki, meneja wa tawi akae humo ndani mpaka mwisho, maana malengo ya mwezi anayagawa yeye.