Dawa isiyomtesa mtoto

Kila nikirudi Morogoro likizo, ndugu na majirani huniuliza iwapo huku Austria, ninakofanya kazi ya uuguzi wa watoto, imepatikana dawa ya saratani ya damu isiyomtesa mtoto. Ipo, ila ina masharti yake.

Zamani, mtoto ambaye leukemia ya limfoblasti, aina mojawapo ya saratani hiyo, ilimrudia alipewa tibakemikali kali mfululizo ili saratani ipungue kabla ya kupandikizwa uboho, na wengine waliifikia siku hiyo wakiwa hoi kwa vidonda vya mdomoni na maambukizi ya damu, au hawakuifikia kabisa. Siku hizi wengi hupewa blinatumomabu, kingamwili inayoishika chembe ya saratani upande mmoja na chembe T ya kinga upande wa pili, ili kinga ya mtoto mwenyewe iiangamize. Hutiririka mshipani siku 28, usiku na mchana, kwa pampu ndogo ya kubeba. Nimewahi kumfukuza mtoto aliyekuwa akikimbia ukumbini na pampu yake mgongoni. Tafiti mbili za mwaka 2021 zilionyesha kuwa madhara makali hupungua.

Hata hivyo, wepesi wa tiba si wa kudhaniwa. Utafiti wa FORUM, ulioongozwa kutoka Vienna, ulijaribu kuwaepusha watoto wenye zaidi ya miaka 4 na mionzi ya mwili mzima inayotolewa kabla ya kupandikizwa uboho, ambayo huweza kudumaza ukuaji na kuharibu uzazi. Baada ya miaka 2, waliokuwa hai ni asilimia 91 ya waliopigwa mionzi, na asilimia 75 tu ya waliopewa tibakemikali peke yake. Madaktari waliotamani kuiacha mionzi wakairudia.

Nyumbani, shirika la Tumaini la Maisha hutibu watoto bila malipo pale Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo sisemi kwamba tuko mikono mitupu. Lakini ningepewa fedha leo, nisingeanza na pampu. Ningeanza na chembe sahani (zile za kugandisha damu) za kutosha, antibiotiki, na malazi ya mama aliyetoka Kigoma, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukali wa tibakemikali kwetu hutokana na yanayokosekana kandokando yake. Homa ambayo hapa humkuta mtoto wodini, akaanzishiwa antibiotiki ndani ya saa moja, kwetu humkuta mwenzake ndani ya basi, Dar es Salaam ikiwa bado mbali.