Mtoeni Mdudu Kwenye Friji

Kila anayeanza kupiga picha za wadudu akiuliza kwa nini picha zake hazitulii, hakosi mtu wa kumwambia kwamba amtie mdudu kwenye friji kwa dakika kadhaa, kisha amweke juu ya jani na kumpiga picha bila haraka. Wiki hii nimeusoma tena ushauri huo, ukitolewa kwa kijana aliyenunua kamera yake ya kwanza, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Ni ukatili kwa mdudu, na hilo peke yake lingetosha. Lakini unamponza pia mpiga picha, kwa sababu hauligusi tatizo lenyewe. Mdudu anapopigwa kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita 10 za mwili wake zikachukua milimita 10 za sensa, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha, sehemu inayoingia kwenye fokasi, yaani inayoonekana wazi bila ukungu, huwa na kina cha takriban milimita 1 tu hata tundu la lenzi likiwa f/8 (namba hiyo ikikua, tundu hufinyika). Pumzi moja ya mpiga picha yatosha kuihamisha milimita hiyo kutoka kwenye jicho la nzi hadi kwenye bawa lake, na hapo hata mdudu aliyeganda kama jiwe hatamfaa kitu. Kulibana tundu hadi mwisho nako si suluhisho, maana kwa ukubwa huo f/11 huwa kama f/22, na mwanga unaolazimishwa kupita kwenye tundu finyu mno hutawanyika na kufifisha picha nzima.

Kinachotakiwa ni kuuzoeza mwili. Zima fokasi ya kujiendesha, weka ukubwa unaoutaka, kisha usiguse tena lenzi; sogea wewe mwenyewe mbele na nyuma polepole, ukibonyeza pale jicho la mdudu linapong'aa. Mdudu akiwa kwenye kijiti, kishike kijiti hicho taratibu kwa mkono wa kushoto na uilaze lenzi juu ya mkono huohuo, ili upepo ukivuma, kamera na mdudu viyumbe pamoja.

Kisha mwanga. Flashi iliyopunguzwa nguvu huwaka kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na mmweko huo humsimamisha mdudu kuliko baridi yoyote. Ila flashi tupu humharibu mbawakawa: mgongo wake unaong'aa huishia kuwa doa jeupe lisilo na rangi. Ikingie karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, pana, karibu na mdudu kadiri utakavyoweza, na mikwaruzo na vinyweleo vya mgongo huo vitaonekana kimoja kimoja.

Na kama ni baridi inayotafutwa, alfajiri inayo. Joto la mwili wa wadudu wengi hufuata hewa iliyowazunguka, kwa hiyo kabla jua halijapanda utamkuta kereng'ende amening'inia kwenye unyasi, mabawa yakiwa yamejaa umande, na baadhi ya nyuki wasioishi kwenye mizinga wakiwa wamelala huku wameuma kijiti kwa taya zao, miguu ikielea. Mdudu wa friji hana umbo hilo. Mara nyingi miguu yake imejikunja tumboni na vipapasio vimelegea, na anayewafahamu wadudu hahitaji kuambiwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba watafiti huwapoza wadudu ili wawatambue au kuwapima kisha wawaachilie, na kwamba wengi wao huzinduka. Hao wana swali la kujibu na hawafichi walichofanya. Kuhusu lenzi za bei kubwa sina mengi: mirija ya kuisogeza lenzi mbali na kamera inatosha kuanzia.

Lililobaki ni kumjua mdudu. Nzi wawindaji, wale wanaowakamata wenzao hewani, hurudi mara kwa mara kwenye kijiti kilekile. Akikukimbia, baki hapohapo na kamera tayari, na kivuli chako kisimwangukie.

Anayeona hawezi kuachana na friji, basi na aandike chini ya picha yake kwamba mdudu alipozwa, ili kijana anayeanza asiilinganishe kazi yake ya alfajiri na picha iliyopigwa juu ya meza ya jikoni.