Fundi akitaka kufomati kabla ya kuangalia, chukua diski yako

Jambo hili linaniuma na nitalisema wazi. Hapa Mombasa mtu akipeleka hadi diski (hard disk, ile inayohifadhi faili za kompyuta) kwa fundi, akasema tu "kompyuta haiioni", mara nyingi atajibiwa moja kati ya mawili: imekufa nunua nyingine, ama ngoja niifomati, yaani aifute na kuipanga upya. Na mle ndani mna nini jamani? Mna video ya harusi ya dadake mtu tangu usiku wa kupamba, mna picha za marehemu baba yao, mna hesabu za duka za miaka na miaka. Vitu hivyo ukizunguka Biashara Street yote hupati pa kuvinunua.

Swali la kwanza la fundi linafaa liwe, haionekani wapi? Mana kuna pahali patatu. Kuna BIOS, ile skrini ya mwanzo kabisa kabla Windows haijaamka, kuna Disk Management, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X unaiona hapo kwa orodha, halafu kuna This PC ambapo sisi wote tumezoea kuangalia. Diski ikikosekana This PC lakini Disk Management ipo, basi hiyo inazungumza na kompyuta vizuri tu, saa ingine imekosa tu herufi ambayo Windows huitambulisha nayo, unaipa herufi E ama F na mambo yamekwisha, na kuna watu wametozwa hela za diski mpya kwa shida kama hiyo. Ama ilikuwa ya mtu wa Mac ama Linux, Windows haisomi ule mpangilio wake, faili zote zimo salama.

Ikikosekana hata BIOS, hapo anza na waya kabla ya kusema lolote. Badilisha kebo ya SATA, ile inayopitisha data, badilisha waya wa pawa, jaribu tundu jingine, jaribu kompyuta nyingine. Ikiwa ni diski ya nje, kumbuka tundu la USB 2.0 kikawaida linatoa miliampea 500 na la USB 3.0 linatoa 900, na diski ikianza kuzunguka inataka nguvu, kwa hivyo ukiipitisha kwa habu (kile kigawa matundu ya USB) ya bei rahisi yenye kipanya na fleshi juu yake itawaka taa na isionekane. Na hii hewa yetu ya bahari, kwa wanaokaa karibu na maji kama Likoni na Old Town, inakula vyuma polepole, zile pini zinashika kutu mpaka umeme haupiti sawasawa. Pamba kidogo na spiriti, iache ikauke, kisha jaribu tena.

Sasa lile dirisha linalotokea kukuambia ni lazima ufomati diski ndio uitumie. Watu wengi wakiliona wanabonyeza ndio, kwa sababu kompyuta imesema. USIBONYEZE. Maana yake mara nyingi ni kwamba jedwali linaloonyesha kila faili iko wapi limeharibika, labda stima ilikatika katikati ya kuandika ama mtu aling'oa waya ghafla, lakini faili zenyewe bado zimelala pale pale. Hata Disk Management ikisema diski haijaanzishwa, ikakupa kitufe cha OK, funga hilo dirisha. Tangu Windows Vista ile fomati kamili inaandika sifuri juu ya diski nzima, hakuna programu ya kurudisha hapo. Ile ya haraka ina nafuu kidogo kwa diski ya kuzunguka, ila kwa SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, Windows inaweza kuiambia diski kuwa nafasi yote iko huru na ikajifuta ndani ya muda mfupi. TestDisk na PhotoRec ni programu za bure za kurudisha faili, zinaokoa mengi sana, muradi hakuna kilichoandikwa juu yake.

Ikiwa inalia tak tak tak, zima. Usijaribu tena na tena, kila ukiiwasha vile vichwa vyake vya kusoma vinaweza kuzidi kukwaruza sahani za ndani zenye data. Kuifungua mezani na feni inapuliza vumbi ni kuimaliza kabisa. Na wale wanaoshauri uitie kwenye friza, wallahi kwa unyevu huu wa pwani ukiitoa tu itafanya maji, nje na pengine hata ndani.

Lakini lawama si za mafundi peke yao. Sisi wateja tunataka tuambiwe "imefanya kazi" na tulipe kwa hilo tu. Fundi akikaa mchana kutwa akitafuta shida, mwisho akakurudishia faili bila diski, tunamwambia hajatengeneza kitu. Kufomati ni dakika chache, diski inaonekana, mteja anatoa hela akitabasamu, na anagundua kuwa picha zimepotea akishafika nyumbani Kisauni. Kwa hivyo kabla hujaiacha kwa meza ya mtu mwambie kwamba unachotaka ni vilivyomo, diski yenyewe hata ikitupwa sawa, na umuulize kama atachukua kopi nzima kwanza na kitu kama ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kisha afanyie kazi kwenye kopi. Akikubali, mkubaliane bei ya hiyo kopi hapo hapo. Diski mbovu ya terabaiti 1 inaweza kula usiku kucha na kesho yake, na hiyo ndiyo kazi unayomlipa.