Llull na swali la "alicheza NBA?"

Mtaje Sergio Llull, mchezaji wa kikapu wa Hispania, kijiweni uone. Swali la kwanza: "Huyo alicheza timu gani NBA, ligi ya Marekani?" Ukijibu hakucheza, habari yake imeishia hapo, watu wanarudi kwa Curry wao. Mimi swali hilo limenichosha.

Sisi drafti ya 2009, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, tunaikumbuka kwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeitwa wa pili, na Memphis. Curry mwenyewe alikuwa wa saba. Chini zaidi, nafasi ya 34, likatajwa jina la mlinzi kutoka Mahón, kisiwani Menorca. Denver ndio walioliita, kisha haki za kumsajili zikauzwa kwa Houston. Miaka miwili haikupita, Thabeet akawa ndani ya jezi ya Houston, na Llull bado yuko Real Madrid, alikojiunga 2007. Houston wakaendelea kungoja. Mwaka 2015 wakabisha hodi kwa nguvu. Llull akajibu kwa kusaini mkataba mpya na Madrid, hadi 2021.

Wapo walioita uoga. Sitaki kumfanya mtakatifu: kule Madrid hakuwa analala njaa, na ndiyo kwanza walikuwa wametwaa EuroLeague, kombe la vilabu vya Ulaya, mbele ya mashabiki wao. Lakini kule Houston angefanya nini? James Harden, nyota wao, alikuwa na mpira wake. Llull angesimama pembeni akisubiri mwenzake amalize kudunda, na mchezaji wa namna yake ukimnyima mpira mkononi umemmaliza.

Wahispania wana jina la mitupo yake ya ajabu: mandarina, yaani chenza. Saa inayoyoma, mkono wa mkabaji uko usoni, yeye anaruka mwili umepinda na kuurusha juu kama mtu anayetupa chenza dirishani. Mtoto wa timu ya shule akijaribu hivyo, kocha anamketisha benchi. Nyingi hugonga chuma, tusidanganyane. Zinazoingia ndizo zinazovunja mioyo ya watu, na msimu wa 2016/17 zilimpa tuzo ya mchezaji bora wa EuroLeague.

Agosti 2017, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Ubelgiji kule Tenerife, goti likachanika kano. Msimu karibu wote ukapita bila yeye, mwenzake Luka Dončić akiwa bado kijana mdogo akaibeba timu. Llull akarudi kwenye mtoano, na Mei 2018 Madrid wakanyanyua kombe la EuroLeague mjini Belgrade. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia na Hispania. Huyo ndiye tunayemwita "hakufika".

Halafu kuna Kaunas, Lithuania, fainali ya EuroLeague ya Mei 2023. Raha ya fainali ile, saa zao na zetu zilikuwa sawa, hakuna kuamka saa kumi usiku kama tunavyojitesa na NBA. Llull alikuwa na miaka 35 na hakuwa amefunga hata pointi moja. Olympiacos wa Ugiriki wanaongoza 78-77. Kila mtu ukumbini anajua nani atapewa mpira, Olympiacos wenyewe wanajua. Mbele yake amesimama Moustapha Fall, mita 2.18, yeye ana 1.90. Hakutafuta mtu wa kumpasia. Akadunda, akaruka kurudi nyuma, akaurusha juu ya mkono ule mrefu.

Nilikuwa naangalia kwa simu, na kifurushi changu kinaishia mwishoni kama kawaida. Picha ikaganda Llull akiwa hewani, mpira umetoka tu vidoleni. Nikaizungusha simu, nikaipiga piga, nikatoka nayo mpaka barazani. Iliporudi, ubao ulisomeka 79-78, zimebaki sekunde tatu, na Sloukas wa Olympiacos anakimbia na mpira kwenda kukosa.