La Quinta walilikataa bwawa la mawimbi, lakini gofu bado ina ruhusa

La Quinta ni mji wa watu wapatao 37,000 katika bonde la Coachella, kusini mwa California. Mvua ya mwaka mzima huko haifiki milimita 100, na kiangazi joto hupita nyuzi 45. Hapo, chini ya kilima kiitwacho Coral Mountain, kampuni moja ya ujenzi ilitaka kuchimba bwawa la mawimbi la ekari 16 na ushee kwa teknolojia ya Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11 wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi. Kandokando ya bwawa zingesimama nyumba 600 na hoteli ya vyumba 150. Wakazi walipinga, na Septemba 2022 baraza la mji likakataa kwa kauli moja kubadilisha matumizi ya ardhi hiyo.

Mimi naunga mkono uamuzi ule. Hata hivyo, hoja za waliolitaka bwawa hazikuwa za ovyo, na kuna moja ambayo mpaka leo haijapata jibu la kuridhisha.

Tuanze na maji yenyewe. Bwawa lingejazwa galoni milioni 18, karibu lita milioni 68. Hayo ni maboza 6,800 ya lita 10,000 kila moja. Mtu aliyezoea kununua maji kwa dumu akisikia hesabu hiyo, hahitaji kuelezwa kwa nini wakazi walikasirika. Wenye mradi walikuwa na jibu: ardhi ile ilikuwa imekwisha kutengewa nyumba pamoja na uwanja wa gofu, na uwanja wa gofu wa mashimo 18 jangwani hunywa maji mengi kuliko bwawa lao. Hapo walisema kweli. Nyasi za kijani kwenye mchanga hutaka kunyweshwa karibu mwaka mzima, na bonde la Coachella lina viwanja vya gofu takribani 120.

Kasoro ya jibu lao ni kwamba watu wengi walibaki na ile picha ya bwawa linalojazwa mara moja likatulia. Katika jangwa lile, maji yaliyo wazi hupungua kwa mvuke kiasi cha mita 1.8 kwa mwaka. Ukizidisha kwa eneo la bwawa, unapata zaidi ya lita milioni 120 zinazopotea hewani kila mwaka. Ni sawa na kulijaza upya karibu mara mbili, na hapo hatujagusa maji yanayorushwa na mawimbi yenyewe. Bado ni pungufu ya gofu, tena kwa mbali. Lakini kuwa nafuu kuliko gofu si sifa kubwa kwa mradi ambao nao ni wa starehe tu.

Wenye mradi walitegemea pia tathmini ya mamlaka ya maji ya bonde, iliyosema kwamba maji ya kutosha yapo chini ya ardhi. Hapa inafaa kujua maji hayo yanakotoka. Bonde lilichota visima vyake kwa miongo mingi hadi ardhi yenyewe ikaanza kutitia sehemu fulani, ikiwemo La Quinta. Dawa iliyopatikana ni kuleta maji ya mto Colorado kwa mfereji na kuyamwaga kwenye madimbwi ili yapenye chini. Madimbwi makubwa kabisa ya upande wa mashariki yako La Quinta kwenyewe, na yamekuwa yakifanya kazi hiyo tangu 2009. Imesaidia sana, viwango vya visima vimepanda. Lakini ina maana kwamba anayesema "sisi tunatumia maji ya kisima" kwa sehemu kubwa anazungumzia maji ya Colorado yaliyopitia mchangani.

Na Colorado ilikuwa taabani. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza uhaba rasmi kwenye mto huo kwa mara ya kwanza. Julai 2022 Lake Mead, hifadhi kuu ya maji yake, ilishuka hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu ilipokuwa inajazwa katika miaka ya 1930. Watu wapatao milioni 40 wanautegemea mto huo. Miezi miwili baadaye madiwani wa La Quinta walikaa kupiga kura. Ingekuwa ajabu kama wasingelitazama ziwa lile.

Kuna wanaosema bwawa moja halina uzito wowote mbele ya kilimo, ambacho ndicho huchukua sehemu kubwa ya maji ya Colorado. Kwa tarakimu, sawa. Ulifute bwawa lile, Lake Mead haipandi hata kidogo. Lakini halikuwa bwawa moja. Katika bonde hilohilo kulikuwa na miradi ya mawimbi Palm Springs na Palm Desert, na ziwa la kujitengenezea la ekari 24 katika mtaa wa kifahari wa Disney huko Rancho Mirage. Kila mji hupigia kura mradi wake, ilhali miji yote inachota kwenye bonde moja. Kwa utaratibu huo, kila mmoja atajiona mdogo daima.

Upande wa wakazi nao tusiupambe. Wengi wao walikuwa wenye nyumba nzuri, baadhi wastaafu, na malalamiko yao hayakuwa ya maji peke yake. Walichukia nguzo ndefu za taa ambazo zingewaka usiku chini ya mlima, kelele za mashine na za mashabiki, magari, na nyumba za kukodisha wageni wa wikendi. Sioni ubaya mtu kutetea usingizi wake. Kinachonisumbua ni umbali mfupi kutoka La Quinta hadi Thermal, makazi mengine ya bonde hilohilo. Huko wafanyakazi wa mashamba, wale wanaochuma tende na zabibu za bonde hili, wanaishi kwenye maeneo ya nyumba za matrela. Mwaka 2019 shirika la mazingira la serikali kuu lilitoa amri ya dharura kuhusu eneo mojawapo, Oasis, kwa sababu maji ya kisima chao yalikuwa na sumu ya aseniki kupita kiwango kinachoruhusiwa. Familia zikawa zinakunywa na kupikia maji ya chupa, katika bonde linalonywesha nyasi za viwanja 120.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alikuwa na haki La Quinta, nasema wakazi. Hata hivyo kura ile ilizuia matumizi mapya tu, ikaacha ya zamani kama yalivyokuwa: nyumba na gofu bado vinaruhusiwa chini ya Coral Mountain. Kama sababu ilikuwa maji, ombi la kumwagilia nyasi pale linapaswa kukuta ukumbi umejaa watu walewale, wakiuliza maswali yaleyale ya lita ngapi na kutoka wapi. Na safari hii watu wa Thermal wapewe nafasi ya kusema kwanza.